Kukwaruza Kabla ya Kusema

(Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya walimu, wanakwaya, waongoza watalii na vijana wanaorekodi sauti majumbani mwao. Msemaji ameiandika upya ili isomeke.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa safu ya mbele, walimu wenzangu, wanakwaya na vijana wote: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na habari za asubuhi kwa wengine.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kuandaa na kujaribu maikrofoni ya USB kwa mtu anayerekodi nyumbani, asiye na studio wala fundi mitambo, na naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda Old Moshi kumrekodi mzee mmoja ambaye ujanani alifanya kazi ya kupima kahawa ya wakulima. Nilikuwa na maikrofoni mpya niliyoinunua kwa kujinyima, kompyuta mpakato na stendi ndogo ya mezani. Nikachomeka waya, taa ya buluu ya maikrofoni ikawaka, nikaona mstari wa mawimbi ukitembea kwenye kioo, nikaridhika. Mzee akasimulia kwa saa mbili na nusu habari za mizani, za magunia, za foleni ya wakulima siku ya malipo, na za KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioundwa mwaka 1933, yeye akiwa bado hajazaliwa, lakini ambao baba yake aliuzungumzia mezani kila jioni kana kwamba ni mtoto mwingine wa nyumba ile.

Niliporudi mjini na kuvaa hedifoni, nilimsikia mzee kwa mbali kama mtu anayesemea ndani ya pipa, na juu ya sauti yake nikasikia feni ya kompyuta ikivuma na vidole vyangu vikigonga vitufe. Programu ilikuwa imesikiliza kupitia kile kitundu kidogo cha maikrofoni kilichomo juu ya kioo cha kompyuta, wakati maikrofoni yangu mpya ilikaa mbele ya mzee saa zote zile huku taa yake ikiwaka, kama askari aliyelala lindoni na sare yake kamili. Nilirudi kwake baada ya wiki mbili. Alinipokea vizuri, akaniletea ndizi, akasimulia upya. Lakini safari hiyo alimaliza kwa dakika arobaini, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, maana kwake hadithi ile ilikuwa imekwisha kusimuliwa.

Tangu siku hiyo, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa mbele yangu, mimi hukwaruza. Napitisha ukucha taratibu juu ya wavu wa maikrofoni huku nikitazama mita ya programu, ule mstari unaopanda na kushuka kwa nguvu ya sauti, kisha napitisha ukucha huohuo kwenye ukingo wa kompyuta. Ule mkwaruzo unaorusha mita hadi juu ndio unaokuambia kompyuta inasikilizia wapi. Kazi hiyo ni ya sekunde tano, na karibu yote nitakayosema leo yamezaliwa na mkwaruzo huo.

Tuanze na jina. Kiswahili kimekiita kifaa hiki kipaza sauti, na jina hilohilo tumelipa spika linalofungwa juu ya gari la matangazo. Kupaza ni kuinua, na nadhani jina hilo limetudhuru kidogo, kwa sababu mtu akishikishwa kipaza sauti huamini kwamba kazi yake ni kupiga kelele ili kipate kupaza vizuri. Maikrofoni haipazi chochote. Inapokea tu, na inapokea kila kitu kwa uaminifu usio na busara: sauti yako, friji la jikoni, jogoo wa jirani na kiti unachokikalia. Tabia nyingine tuliyoirithi kutoka kwenye harusi na mikutano ya hadhara ni ile ya kupuliza maikrofoni mara mbili, kisha kusema haloo haloo, moja mbili tatu. Kupuliza hupeleka mate na unyevu mahali pasipotakiwa, na haloo haloo hukuthibitishia kitu kimoja tu, kwamba kifaa ki hai. Mgonjwa anayepumua naye yu hai.

Ndani ya kasha la maikrofoni ya USB mna vifaa vitatu ambavyo zamani vilinunuliwa mbalimbali. Kuna kapsuli yenye utando mwembamba unaotikiswa na hewa; kuna kikuza umeme kinachoongeza nguvu ya ule mtikisiko baada ya kugeuzwa umeme hafifu sana; na kuna kigeuzi kinachoupima umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuuandika kwa tarakimu. Kapsuli nyingi za bei nafuu, zikiwamo zilizomo ndani ya simu zetu, ni za aina ya elektreti, uvumbuzi wa mwaka 1962 wa James West na Gerhard Sessler katika maabara za Bell nchini Marekani. Walipata njia ya kuufanya utando ubaki na chaji yake ya umeme miaka na miaka, hivyo ukahitaji umeme kidogo tu kutoka nje. USB yenyewe ilitoka mwaka 1996. Maikrofoni zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni zake za sauti hutambuliwa na Windows, Mac na Linux bila kuwekewa programu yoyote ya ziada, kwa hiyo mtu akikuuzia diski ya programu pamoja na maikrofoni ya kawaida, mshukuru na uiweke kabatini.

Kwa kuwa vyote vitatu vimo ndani ya kasha moja, sauti hufika kwenye kompyuta ikiwa imekwisha kugeuzwa tarakimu. Wanaotoka upande wa mlimani wataelewa nikisema habari za mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji yakichafuka kwenye banio huku juu, hakuna lango la kihambani, kule shambani chini, linaloweza kuyasafisha; na yakifurika banioni yakamwagika njiani, hata ukifungua lango lako lote hayarudi. Kitufe cha kuzungusha kilicho kwenye maikrofoni, kile cha geini, yaani kiasi cha kukuza sauti, ndicho banio. Kile kiwango unachokivuta kwa kipanya kwenye kompyuta ni lango la kihambani. Wengi wetu huona sauti imepasuka, tukakimbilia kupunguza kwenye kompyuta, tukapata sauti iliyopasuka kwa unyenyekevu. Acha kiwango cha kompyuta mahali mtengenezaji alipokiweka, rekebisha kwenye banio. Kama maikrofoni yako haina kitufe, hapo kiwango cha kompyuta kwa kawaida ndicho kinachoiendesha geini yenyewe, na huna budi kukitumia.

Sasa tuchomeke. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Madukani kwetu kuna waya wa kuchajia simu usiokuwa na zile za data kabisa, na kwa macho huwezi kuutofautisha na ule kamili. Ukiutumia, taa ya maikrofoni itawaka kwa furaha na kompyuta haitaona kitu. Ndiyo sababu siamini taa: taa inasema umeme umefika, haisemi kwamba kuna mazungumzo. Tumia waya uliokuja na maikrofoni, na ukishapotea, jaribu mwingine kwa kuhamisha picha kutoka kwenye simu; waya unaopitisha picha utapitisha na sauti. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Vile vigawanyio vya matundu visivyo na umeme wake vinagawana chakula cha mtu mmoja, na maikrofoni ikibanana huko na diski ya nje na kipanya huanza kukatakata sauti.

Wenye simu tupu wasione wametengwa. Android ilianza kupokea sauti za USB tangu toleo la 5, la mwaka 2014, na kinachohitajika ni kile kiunganishi kidogo kinachoitwa OTG. Simu nyingine hukataa kuilisha maikrofoni inayokula umeme mwingi, na hilo utalijua kwa kujaribu dukani kabla ya kulipa.

Chomeka maikrofoni kwanza, fungua programu baadaye. Audacity, programu ya bure ambayo wengi mnaitumia na ambayo ilitolewa kwa umma mwaka 2000, huorodhesha vifaa vya sauti inapofunguka. Kifaa kilichokuja baadaye hakimo kwenye orodha mpaka uifunge na kuifungua tena au uiamuru itafute upya. Hilo ndilo lililonipata Old Moshi: nilikuwa nimefungua programu mapema, nikamsalimia mzee na watu wa nyumba yake, ndipo nikachomeka. Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya sauti na uchague maikrofoni yako kuwa ndiyo ya kupokelea, kisha uingie kwenye mipangilio ya faragha uhakikishe kwamba programu zimeruhusiwa kutumia maikrofoni, kwa sababu ruhusa hiyo ikifungwa programu hurekodi ukimya mtupu bila kulalamika. Hapohapo, zima vile viboreshaji vya sauti vinavyojiwasha vyenyewe. Vimetengenezwa kwa ajili ya mikutano ya mtandaoni, na kwa kuwa havijui kayamba ni nini huichukulia kayamba kuwa kelele na kuinyamazisha katikati ya wimbo. Baada ya hayo yote, kwaruza.

Jaribio la pili ni la kutosema neno. Rekodi nusu dakika ya ukimya ukiwa umekaa palepale utakapokaa, kisha vaa hedifoni, ongeza sauti, usikilize. Mara ya kwanza utashangaa jinsi nyumba yako inavyoongea. Friji lina mlio wake, feni ya kompyuta ina wake, taa ya bei rahisi ina wake. Ukisikia mvumo mzito usiobadilika, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, huo mara nyingi ni wa umeme wa gridi, ambao kwetu hugeuka mwelekeo kwa hezi 50, na hujitokeza hapo au kwenye 100. Chomoa chaja ya kompyuta, rekodi tena kwa betri peke yake. Ukitoweka, umemjua mwizi, na tangu hapo utakuwa ukichaji usiku na kurekodi kwa betri, jambo ambalo pia litakulinda siku umeme utakapokatika katikati ya ubeti. Simu iondoe mezani kabisa, kwa maana hata ikizimwa mlio, inapotafuta mnara huweza kupenyeza kwenye rekodi ule mdundo wa di-di-di ambao wenye redio za zamani mnaujua. Nusu dakika hiyo usiifute. Audacity ikitaka kupunguza kelele huomba kwanza ionyeshwe kelele tupu isiyo na maneno, na wewe utakuwa nayo tayari.

Naja kwenye kiwango cha sauti, na hapa nitakaa kidogo. Kosa la watu wengi ni kupima kwa sauti ya upole na kurekodi kwa sauti ya moto. Mwalimu hupima akisoma tarehe, kisha anaanza hadithi kwa kishindo: Paukwa! Ukiitazama kwa karibu, Paukwa ndiyo mtihani bora kuliko yote ambayo lugha yetu imetuandalia. Inaanza na p, na p hufunga midomo, hukusanya pumzi, kisha huiachia kwa mkupuo mmoja. Mkupuo huo hufika kwenye utando wa maikrofoni kama kofi, na kwenye hedifoni husikika kama mtu aliyeangusha gunia la mahindi. Hutamkwa kwa nguvu zote, kwa kuwa msimuliaji anaita watoto waliotawanyika. Na wanaoitikia, Pakawa, wako mbali kuliko yeye, kwa hiyo hapohapo unapima na sauti za nyuma. Basi geuza kitufe cha geini chini, sema Paukwa kama utakavyoisema kweli, panda taratibu mpaka kilele cha mita kiwe kati ya desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) hasi 12 na hasi 6. Sifuri ndiyo dari. Sauti ikigonga dari, kigeuzi hakina tarakimu kubwa zaidi ya kuandika, hivyo hukata vichwa vya mawimbi vikawa bapa, na kichwa kilichokatwa hakioti tena.

Wapo wanaohofia kwamba wakibaki chini ya dari sauti itakuwa duni. Hofu hiyo ilikuwa na msingi enzi za kanda. Kigeuzi cha biti 16 kina ngazi 65,536, na cha biti 24 kina zaidi ya milioni 16. Ukiwa na ngazi hizo zote huna sababu ya kusimama kwenye ile ya juu kabisa ukiyumba. Rekodi ya chini kidogo huinuliwa baadaye bila madhara.

Kofi la p lina dawa mbili. Ya kwanza ni kuiweka maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo, ikikutazama kwa mshazari, ili pumzi ipite kando na sauti iingie. Ya pili ni kuweka chujio mbele yake, na chujio zuri hutengenezwa nyumbani kwa waya wa henga uliokunjwa duara na kuvalishwa soksi nyepesi ya kike, likasimama umbali wa vidole vinne kutoka kwenye wavu. Mke wangu bado ananidai soksi moja. Kwa majaribio yenyewe, baada ya Paukwa ninatumia methali: pema usijapo pema, ukipema si pema tena kwa ajili ya p, haba na haba hujaza kibaba kwa ajili ya b na pumzi ya h, na kwa ajili ya s nasema sisimizi sita wasiosikia, ambayo si methali bali upuuzi wangu mwenyewe, lakini hufichua ule mchuchumio unaochoma masikio.

Umbali niupime kwa mkono, kwa kuwa mkono hausahauliki nyumbani. Shibiri moja, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ndiyo mahali pa kuanzia kwa mtu anayesema. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti inayotoka kinywani moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi, lakini mwangwi wa chumba haupungui, kwa hiyo unapoongeza geini kufidia unaongeza chumba. Yule mzee wangu katika pipa alikuwa dhiraa tatu kutoka kwenye kile kitundu cha kompyuta. Ukisogea karibu mno, nusu shibiri au chini yake, maikrofoni nyingi za kusimulia huanza kunenepesha besi, na kijana wa miaka ishirini anasikika kama mtangazaji wa vita. Wengine huupenda unene huo. Mimi naona unachosha baada ya dakika tano, ila sitagombana na mtu kwa ajili hiyo. Rekodi sentensi ileile kwa nusu shibiri, kwa shibiri moja, na kwa dhiraa nzima, usikilize zote tatu mfululizo, na masikio yako yataamua.

Zaidi ya umbali kuna uso. Maikrofoni nyingi za USB za kusimama mezani husikiliza kwa ubavu, si kwa kichwa, na nimeona watu wameinama juu yake kama wanaokunywa mbege kwa kibuyu, wakisemea utosini. Uso wake kwa kawaida ni ule wenye jina la mtengenezaji. Eneo linalosikika vizuri lina umbo la moyo: mbele kunasikika sana, ubavuni kidogo, nyuma karibu hakuna kitu. Izunguke ukihesabu moja hadi kumi na mbili kama saa ya ukutani, sikiliza namba zipi zimefifia, kisha elekeza upande uliofifia kule kwenye friji au dirisha la barabarani. Zipo zenye kitufe cha kubadilisha umbo hilo; kwa msemaji mmoja, moyo unatosha.

Chumba ndicho kinachowashinda wengi, na nasema kwa masikitiko kwamba kadiri nyumba zetu zinavyopendeza ndivyo zinavyoharibika kwa sauti. Vigae sakafuni, plasta laini ukutani, kioo kikubwa cha alumini, sebule pana isiyo na zulia: sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na katika chumba cha mita tatu na nusu inaweza kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta karibu mara mia kwa sekunde moja kabla haijachoka. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali kama wa chemchemi ya chuma ukifuatia, hapo si mahali pa kurekodi. Hamia chumba cha kulala, kaa kati ya kitanda na kabati la nguo lililo wazi, ning'iniza blanketi zito nyuma yako, kwa sababu maikrofoni inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Godoro lililosimamishwa ukutani hufanya kazi kuliko kitu chochote utakachonunua. Trei za mayai, ambazo nimeziona zimebandikwa kwa bidii kuta nzima hapa Moshi na kule Arusha, ni karatasi nyembamba zisizozuia karibu chochote, na zikishika moto hazikupi nafasi ya kutafuta kitasa.

Tusichanganye mambo mawili. Blanketi na godoro huzuia mwangwi wa ndani, hazizuii bodaboda. Kelele za nje hazina dawa nyumbani isipokuwa saa. Kila mtaa una saa yake ya utulivu, na kazi yako ni kuijua: kwangu ni kati ya saa nne na saa sita usiku, mbwa wakiridhia. Kuanzia Machi hadi Mei, masika ikiwa imeshika, mwenye nyumba ya mabati isiyo na dari asipange kabisa siku ya kurekodi. Apange siku ya kuwa tayari, na anga likituliza arekodi.

Wanakwaya wameniuliza tangu jana kama wakinunua maikrofoni mbili za USB watapata sauti pana zaidi. Nashauri wasinunue. Kila moja ina kigeuzi chake na saa yake ya ndani ya kuhesabia, na saa mbili hazitembei sawa kabisa. Mwanzoni mwa wimbo ziko pamoja, baada ya dakika kadhaa moja imetangulia kidogo na sauti zinaanza kupishana. Programu nyingi za Windows zitakataa hata kuzipokea zote mbili kwa wakati mmoja. Kwaya inarekodiwa vizuri kwa maikrofoni moja iliyoinuliwa usawa wa vichwa, mita mbili hivi mbele ya safu, wenye sauti kubwa wakirudishwa nyuma na wenye sauti ndogo wakisogezwa mbele. Kwao, tofauti na msimuliaji, mwangwi wa kanisa si adui. Rekodini beti moja, msikilize pamoja, mhamishe watu badala ya kuhamisha vitufe, mrekodi tena. Teno wenu mmoja, hatamkwi jina, atasogea mara tatu.

Mambo ya tarakimu nayapita haraka. Chagua vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24, na hakikisha kompyuta na programu zimewekwa kiwango kimoja, kwa sababu sauti ya 48,000 ikichezwa kama ya 44,100 huzembea na kushuka karibu robo tatu ya toni, na soprano hawatakusamehe. Rekodi kwa chaneli moja, kwani maikrofoni ya kawaida ni sikio moja na chaneli mbili zitakujazia diski bure. Hifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Dakika moja itachukua megabaiti 8.6 hivi, saa moja kama 520. MP3 ni ya kumtumia mtu kwenye simu, baada ya kazi.

Hedifoni zichomekwe kwenye tundu la maikrofoni yenyewe kama inalo, kwa kuwa ukijisikiliza kupitia kompyuta sauti yako hukurudia kwa kuchelewa kidogo na ulimi huanza kugugumia kama wa mlevi. Kama tundu hilo halipo, rekodi masikio yakiwa wazi, usikilize baadaye. Spika usiwashe kabisa.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Maikrofoni iliyopo mezani hapa si yangu, ni ya mmoja wa vijana wa safu ya nyuma, na sijaigusa tangu nilipoingia. Waya umechomekwa, programu imefunguliwa, na taa yake, kama mnavyoiona, inawaka vizuri sana. Namwomba dada wa kwaya aliye karibu aje akwaruze wavu kwa ukucha, nanyi mtazame mita ukutani. Mita haijatikisika. Sasa dada, kwaruza ukingo wa kompyuta. Hapo! Kijana mwenye mali, njoo ufunge programu na kuifungua tena, halafu mzee wetu wa safu ya mbele atusaidie kusema Paukwa.